Jumapili Mkalimani Hafanyi Kazi

Foleni ya supamaketi Jumamosi asubuhi haimjui profesa wala mfagizi. Kila mtu ni kikapu tu. Lakini nenda ukamwambie Profesa hivyo. Alikuwa amesimama foleni namba nne, kikapu miguuni, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma kitabu kinene cha mifumo ya vyama vya siasa na kukipigia mistari kwa penseli. Alivaa koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni. Viraka vile havikuziba tundu lolote. Alivishonesha makusudi, koti likiwa jipya kabisa, kwa kuwa aliamini msomi asiye na viraka ni karani tu.

Mbele yake foleni ilikwishasogea hatua sita. Nyuma yake watu kumi na moja walikuwa wakihema.

"Mzee," sauti ya kike ikasema, "foleni imeondoka. Wewe na kitabu chako mmeachwa."

Profesa akageuka taratibu, kama anavyogeuka mtu anayetarajia kutambuliwa. Alikuwa na uso maalumu wa shughuli hiyo: nyusi juu kidogo, tabasamu la unyenyekevu wa kujifunza mbele ya kioo. Tangu alipoanza kualikwa kwenye taarifa ya habari ya jioni, Jumanne na Alhamisi, kuchambua siasa, uso huo hakuuacha nyumbani.

Aliyesema alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tisa hivi, gauni la kijani kibichi, nywele fupi, shingo ndefu. Vidole vyake vilikuwa virefu, bila pete wala rangi ya kucha.

"Nakufahamu," mwanamke akasema.

"Ah," Profesa akainamisha kichwa. "Taarifa ya habari."

"Hiyo hiyo. Wewe ndiye yule wa 'kwa upande mmoja' na 'kwa upande mwingine'. Huu mwezi wa nane nakusubiri ufike upande wowote."

Keshia aliangua kicheko. Watu wawili nyuma wakamsaidia.

"Kumbe mtazamaji mwaminifu," Profesa alisema, uso wa kutambuliwa ukianza kumteleza. "Wewe ni mwandishi wa habari?"

"Mimi ni yule wa kwenye kisanduku."

"Kisanduku kipi?"

"Kile cha chini kulia, karibu na tai yako. Mkalimani wa lugha ya alama. Maneno yako yote yamepita hapa." Akainua mikono yake miwili, akaikunja tena kama mtu anayerudisha visu kabatini.

Basi sikia aibu hiyo. Bwana huyu alikuwa akirekodi kila kipindi chake na kukitazama mara mbili: mara ya kwanza kusikia alivyosema, mara ya pili bila sauti ili ajipime anavyopunga mkono. Miezi minane. Na hakuwahi kumwona mtu mzima, mwenye gauni na shingo, anayehangaika inchi mbili kutoka kwenye tai yake.

"Na... maneno yangu yanatafsirika vizuri?" aliuliza. Mtu wa sifa hata akizama atauliza kama amezama kwa mtindo.

"Ukiongea dakika saba, mikono yangu inafanya kazi mbili. Zile tano wateja wangu wanadhani televisheni imekwama."

Mtu mwingine angekasirika. Profesa alipenda. Miaka ishirini wanafunzi walimnukuu, wenzake walimpigia makofi ya kukopeshana, na leo mtu wa kwanza amemfupisha. Alilipa vitu vyake, akamngoja mlangoni, akaomba namba ya simu kwa sentensi yenye vishazi vitano.

"Yaani unataka namba," mwanamke alisema.

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Umeona? Unaweza."

*

Nyumba ya Profesa ilikuwa na viti vinane na mahali pa kukaa pawili. Vingine vyote vilikaliwa na vitabu. Redio iliishi bafuni, magazeti matatu yaliishi mezani, na televisheni iliwashwa bila sauti kuanzia alfajiri, isije serikali ikaanguka wakati anapiga mswaki. Mkewe aliondoka zamani, akaolewa na daktari wa meno, mtu ambaye kazi yake ni kufungua midomo ya wengine, si wake.

Aliyebaki ni binti yao wa miaka kumi na sita. Baba mtu alimpa jina la utani, Upinzani, akidhani ni mzaha. Mtoto akalichukua kama wadhifa.

"Baba, jana nilikuwa na mtihani."

"Mh." Gazeti halikushuka. "Dalili za awali zinasemaje?"

"Zinasema baba yangu hajui ulikuwa mtihani wa nini."

"Hilo nitalitolea maoni baadaye."

Nyumba hiyo ikaanza kubadilika simu ilipokuwa inalia jioni. Profesa alikuwa akiiacha ilie mara mbili, eti asionekane ana njaa, kisha anaidaka kama kipa.

"Halo, Muhtasari wangu."

"Sema, Dibaji." Ndivyo alivyombatiza, kwa kuwa kila siku yuko utangulizini. "Umekula?"

"Suala la kula lina pande—"

"Umekula au hujala?"

"Sijala."

"Kale. Nitangoja hapa hapa nisikie unatafuna."

Na mtu aliyekataa kukatizwa na mawaziri wawili akawa anatafuna simuni, akicheka kama mwanafunzi aliyepewa barua. Upinzani alipita na sahani yake, akatikisa kichwa. "Jamani, mapenzi ya wasomi. Hata kutafuna wanafanyia uhakiki."

Walikutana mchana baada ya mihadhara yake, kwenye mgahawa mdogo nyuma ya maktaba. Mkalimani alikuwa akija na shati jeusi la kazini, maana mikono huonekana vizuri juu ya nguo isiyo na maua. Profesa alikuja na viraka vyake. Yeye alisimulia mambo ya mabunge. Mwanamke aliyasikiliza, akayarudisha kwa maneno sita, na yale sita yalikuwa mazuri kuliko ya mwanzo. Kufikia mwezi wa tatu Profesa alikuwa hapeleki makala kwa mhariri kabla hayajapita kwa Muhtasari. Hii ndiyo dalili pekee ya mahaba ambayo watu wa aina yake huipata bila kuisoma.

"Jumapili ya tatu kutoka leo, saa saba mchana," mwanamke alimwambia siku moja simuni, "njoo kwa wazazi wangu. Na Upinzani aje."

Moyo wa Profesa ulipiga kura ya ndiyo bila mjadala. "Nitakuja, mpenzi."

"Sikiliza kwanza. Baba na mama ni viziwi wote wawili. Nimekuwa masikio ya nyumba ile tangu nina miaka mitano. Benki, hospitali, msikitini kwa majirani, kanisani kwa majirani. Hata mwalimu alipokuja kunishtaki, mimi ndiye niliyetafsiri mashtaka."

"Ukayatafsiri kweli?"

"Neno kwa neno. Na nikachapwa neno kwa neno." Akacheka, kisha akaacha. "Mikono hii haijawahi kumdanganya baba. Sasa, Jumapili sifanyi kazi, Dibaji. Nataka nikae pale kama binti yao. Utawaamkia mwenyewe, kwa mikono yako. Jina lako, kazi yako, umekuja kwa nia gani. Vitu vitatu. Wiki tatu zinakutosha."

"Zinanitosha na kubaki."

"Usiponipa hiki, sitakuomba kingine."

Profesa alikata simu, akafanya kile ambacho msomi hufanya akiambiwa ajifunze kuogelea: akaagiza vitabu kuhusu maji. Vilikuja vitatu. Kimoja cha historia ya shule za viziwi, kimoja cha nadharia ya sarufi ya alama, na kimoja cha sera za lugha katika nchi kumi na nne. Alivisoma vyote, akapigia mistari, akaandika ukingoni "hoja dhaifu".

"Vina picha?" Upinzani aliuliza.

"Kitabu makini hakina picha, mwanangu."

"Basi utawaamkia kwa tanbihi."

*

Jumapili ilifika. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, Upinzani amevaa gauni la bluu na amebeba zawadi mapajani. Saa tano na robo asubuhi waziri mmoja akajiuzulu.

Simu ikalia. Kituo cha televisheni. "Profesa, tunakuhitaji studio. Dakika kumi tu, saa saba kamili."

Mngemwona bwana yule! Mabega yalipanda, kidevu kikatangulia. Alijiangalia kwenye kioo cha ukumbini, akaiweka tai sawa.

"Baba," Upinzani alisema bila kuinuka, "waziri akishajiuzulu amejiuzulu. Hata kesho atakuwa amejiuzulu."

"Ni dakika kumi. Taifa linataka ufafanuzi."

"Taifa liko kwenye chakula cha mchana. Na wewe umealikwa."

"Nitamtumia ujumbe. Ataelewa. Yeye ni mtu wa habari."

"Mimi naenda," mtoto akasema, akachukua zawadi yake, akaondoka.

Profesa alituma ujumbe, "Nachelewa kidogo, mpenzi, jambo la dharura," akaingia kwenye teksi. Na humo ndani ya teksi akapata wazo. Ni wazo la kipumbavu, lakini mtu mjinga hawezi kulipata. Linahitaji shahada tatu. Aliamua amtumie Muhtasari wake salamu ya mapenzi hewani, iliyofichwa ndani ya uchambuzi, ili ajue anakumbukwa hata mbele ya taifa.

Basi mtangazaji alipomuuliza kwa nini vyama shirika havikulalamika waziri alipovikimbia, Profesa akaegemea kiti.

"Serikali ya mseto ni kama mwaliko wa chakula," alisema. "Mgeni anaweza kuchelewa kwa jambo kubwa la taifa. Mwenyeji mwenye upeo huelewa. Mwenyeji asiye na upeo hununa." Akakonyeza kamera.

Dakika kumi zikawa hamsini. Alifika nyumbani kwa wakwe watarajiwa saa tisa kasoro dakika chache, jasho likimtoka, tabasamu limemjaa. Mkalimani alikuwa amesimama getini. Alivaa gauni jeupe lenye maua madogo mekundu, nguo ya mtu asiyetarajia kufanya kazi.

"Umeniona?" Profesa akaanza. "Ule mfano! Nilikuwa nautuma kwako."

"Nilikuona. Sote tulikuona. Jumapili kisanduku hakina mkalimani. Baba aliuona uso wako, akaniuliza, 'Si ndiye huyu tunayemngoja? Anasema nini?'"

Tabasamu likaanza kutafuta pa kutokea. "Ukamwambia..."

"Nilimwambia ulichosema. 'Mwenyeji asiye na upeo hununa.' Hata kukonyeza kwako nilikutafsiri. Mama ndiye aliyeinuka kuondoa sahani yako."

"Mpenzi wangu, ukizingatia muktadha—"

"Usiniletee muktadha hapa getini!" Sauti yake haikupanda, ilikatika tu, kama uzi. "Unajua kilichoniuma? Si kuchelewa. Kwa mara moja tu nilitamani kumdanganya baba. Nimwambie, 'Anasema samahani, amekwama.' Mikono ikawa inataka. Miaka thelathini na nne sijawahi, na wewe ulinifikisha pale kwa ajili ya kujipamba mbele ya kamera."

Profesa aliinua mkono kuisawazisha tai.

Upinzani alitoka nyuma, akafunga mlango kwa adabu. Uani mzee wa nyumba, aliyevaa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni, alimpungia kwa mikono yote miwili, naye mtoto akajibu kwa alama fulani ya haraka ambayo baba yake hakuijua.

"Twende, baba," mtoto alisema. "Chakula kilikuwa kizuri."

*

Jumanne iliyofuata, Profesa alipotazama kipindi chake, macho yalikwenda yenyewe kwenye kona ya chini kulia. Palikuwa na kijana mwenye mikono ya usingizi. Mkalimani alikuwa ameomba ahamishiwe taarifa ya asubuhi. Sasa ndipo Profesa alipokiona kisanduku, alipokuwa hayumo aliyemtaka. Hongera zake.

Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika barua ya msamaha yenye kurasa tisa, na nadhani mnajua kuwa ilikuwa na marejeo mwishoni. Haikujibiwa. Aliacha kula vizuri. Redio ya bafuni ikaongea peke yake.

"Baba," Upinzani alisema asubuhi moja, akilisogeza rundo la magazeti ili apate pa kuweka kikombe, "umesoma vitabu vitatu vya lugha ya alama, siyo?"

"Vinne. Kimeongezeka."

"Haya. Niamkie."

Profesa alitazama mikono yake. Ilikuwa pale, mezani, mizuri, laini, ya kushikia penseli. Haikujua lolote.

Upinzani akaamkia: mkono ukapanda, ukashuka, uso ukafunguka. Kisha akaunda jina lake herufi kwa herufi.

"Nani amekufundisha?"

"Yule mzee. Alitumia dakika mbili. Wewe kule kwenye televisheni ulikuwa bado unamshukuru mtangazaji kwa kukualika."

Hilo ndilo lililomwangusha, akaamua kujifunza kweli. Darasa la lugha ya alama lilikuwa katika ukumbi wa chama cha viziwi, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, saa ambayo yeye hukaa kwenye kiti cha kupakwa poda studioni. Akakiambia kituo kuwa Alhamisi hatakuwepo tena. Alidhani simu zitamiminika, watazamaji watalia, pengine gazeti litauliza kulikoni. Alhamisi wakamweka msomi mwingine, mwenye tai nzuri zaidi. Hakuna aliyeuliza.

Mwalimu wa darasa alikuwa mama kiziwi, mnene, mwenye macho makali. Sheria zake zilikuwa ukutani: hakuna kalamu, hakuna daftari, hakuna sauti. Profesa alipojaribu kunong'ona, mwalimu alipiga meza hadi sakafu ikatetemeka. Wanafunzi wengine walikuwa muuguzi, mama mmoja na mwanawe wa miaka minne, na fundi wa simu. Yule wa miaka minne alikuwa wa kwanza darasani. Profesa alikuwa wa mwisho. Vidole vyake vilijikunja kama vya mtu anayetafuta funguo gizani, na uso wake, ule wa kutambuliwa, haukusaidia kitu. Katika lugha ile uso ni sehemu ya sentensi, na uso wake ulikuwa ukisema jambo moja tu miaka yote.

Alidumu wiki saba. Nampa sifa hiyo. Simpi zaidi.

Wiki ya nane Upinzani alirudi nyumbani na ujumbe, maana yeye hakuwahi kuacha kumtembelea yule mzee. "Nimekuombea. Mzee amesema uje Jumapili. Lakini amesema hakuna atakayekupikia."

*

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Mzee, fundi saa mstaafu, alikaa kwenye kiti cha mbao, mkewe kando yake. Upinzani alikaa karibu na dirisha kama mtu wa nyumbani. Mkalimani alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameikunja kifuani, gauni la njano, uso wa mawe. Walikuwa hawajaonana kwa miezi miwili na nusu. Profesa alimkazia macho.

"Usinitazame mimi," mwanamke alisema. "Leo Jumapili."

Profesa akamgeukia mzee. Akaamkia. Akaunda jina lake, akakosea herufi, akarudia. Mzee alisubiri kwa subira ya mtu aliyetumia miaka arobaini juu ya skrubu zisizoonekana.

"Kazi yako?" mzee akauliza kwa mikono.

Profesa alikuwa ameandaa jibu: mhadhiri mwandamizi wa sayansi ya siasa. Likampotea lote. Akatafuta alichonacho.

"Nasoma," mikono yake ikasema. "Naongea. Naongea sana."

Mama alicheka kwa sauti, kicheko kipana. Mzee hakucheka.

"Siku ile. Kwa nini hukuja?"

Hapo angekuwa na mdomo, mngemsikia: dharura, taifa, muktadha. Hakuwa na alama ya muktadha. Alikuwa na alama kama mia mbili, nyingi za wanyama na rangi.

"Nilitaka watu wanione."

"Wakakuona?"

"Nyinyi mliniona."

Mzee aliinamisha kichwa. "Tulikuona." Akaiinua mikono tena. "Unataka nini?"

"Binti yako," Profesa akasema. Akajionyesha mwenyewe kwa kidole. "Mimi. Kuoa. Naomba."

Mzee akamgeukia binti yake, na mikono ikaanza kuruka kati yao, ya baba mizito, ya binti yenye kasi, ya mama ikiingilia kati bila kuomba ruhusa. Profesa alishika neno moja katika kumi. Alilishika "mtoto". Alilishika "hapana". Akalishika tena "hapana", na hakujua ni hapana ya nani wala kwa swali lipi. Alisimama katikati ya sebule watu wakiamua maisha yake mbele ya macho yake, asielewe, asiweze kuomba nafasi ya kuchangia.

Mikono ikatulia.

"Baba anasema unaongea kama mtoto wa miaka miwili," mwanamke alimwambia. "Ila anasema hukudanganya."

"Na wewe?" Profesa aliuliza kwa mikono.

Mwanamke alikunjua mikono yake kutoka kifuani. Akajibu kwa haraka, jibu refu, lenye kona kali mwanzoni na kitu kingine kabisa mwishoni, kitu kilichomfanya mama yake ainame na kufuta macho kwa upindo wa nguo. Upinzani aliziba mdomo, akageukia dirishani.

Profesa mnayemjua angetingisha kichwa kwa hekima, kama anavyotingisha akiulizwa juu ya bajeti ambayo hajaisoma.

"Sijaelewa," mikono yake ikasema. "Rudia."

Mwanamke alirudia.

"Sijaelewa. Rudia."

Akarudia mara ya tatu, polepole, na safari hii akaja karibu kabisa ili Profesa aone vizuri.